Masale ya Uwanja wa Mizigo

Hapa Moshi husemwa kwamba katapila lililoletwa kwenye uwanja wa mizigo wa stesheni lilizimika lenyewe mbele ya mimea ya masale ya dada yangu, na kwamba dereva wake alipooza mkono. Nilikuwepo. Dereva alilizima kwa mkono wake mwenyewe, na mara ya mwisho nilipomwona, mkono huo ulikuwa mzima kabisa. Ninaandika kwa sababu tuliokuwepo tunapungua, na wasiokuwepo wanazidi kuwa mashahidi.

Uwanja ule niliufahamu enzi zake. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya mjini, na kila jioni nilipita kando ya maghala ya kahawa nikielekea nyumbani Pasua. Kahawa iliteremshwa kutoka mlimani, ikapangwa maghalani, kisha ikapandishwa kwenye mabehewa kupitia jukwaa refu la saruji lenye paa la mabati. Harufu ya magunia ilifika hadi barabarani. Baadaye biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi walipanda na malori yao hadi milangoni mwa wakulima, bei nayo ikashuka, na wengi waling'oa mibuni. Wapo wanaosema soko huria liliua mji, na wapo wanaosema liliufufua. Mimi nitasema nilichokiona: maghala yalifungwa moja baada ya jingine, treni zikaadimika, na majani yakaota katikati ya reli hadi mbuzi wakapafanya malisho.

Dada yangu mkubwa alikuwa mjane huko Marangu. Kahawa ya kihamba chake, yaani shamba la ukoo, ilipoacha kuwalipia watoto karo, alianza kushuka na mikungu ya ndizi. Alichagua uwanja ule kwa sababu rahisi: paa la jukwaa lilikuwa bado zima, na ndizi zilizolowa mvua hazikai. Wenzake wakamfuata. Ugomvi wa nafasi ulipoanza, hawakwenda kwa mtendaji wa kata. Walileta vipande vya masale kutoka nyumbani, wakavichomeka ardhini kati ya biashara na biashara, na ugomvi ukaisha.

Msomaji asiyetoka huku aelewe kwamba isale ni mmea wa kawaida tu, wenye majani marefu ya kijani. Lakini kwetu ndio mpaka wa kihamba, na ndio unaoota juu ya makaburi ya wazee. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake lililofungwa fundo, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mchagga hang'oi isale la mwenzake. Sijawahi kusoma sheria hiyo mahali popote, wala sijawahi kukutana na mtu wa mlimani asiyeijua.

Masale yale yaliota katika udongo mweusi wa makaa ya treni, jambo ambalo nisingeliamini kama ningesimuliwa.

Zikaja tetesi. Kwa kinyozi ilisemwa uwanja umeuzwa kwa Wazungu. Kilabuni kwenye pombe ya mbege ilisemwa utakuwa kambi ya jeshi. Sikumsikiliza yeyote. Nilivaa koti, nikaenda ofisi ya ardhi, nikaomba kuonyeshwa mchoro, na baada ya kuzungushwa asubuhi nzima nikaonyeshwa. Maghala yangekarabatiwa yawe maduka. Mwenye mradi alikuwa mwenyeji wa mlimani, aliyetajirika kwa malori. Jukwaa lingevunjwa, na palipokaa ndizi za dada yangu paliandikwa: maegesho ya magari.

Nilimpelekea habari hiyo jioni ileile. Alikuwa amekaa juu ya gunia, akikata mkungu wa ndizi mshare.

"Nitaandika barua," nilimwambia. "Kwa lugha ambayo hawataweza kuipuuza."

"Andika, Mwalimu. Lugha yako ni nzuri, hata panya wa ofisi yao wataifurahia."

"Dada, ninasema jambo zito. Watakuondoa hapa."

"Nimesikia. Na karo ya kitinda mimba itatoka wapi nikienda kukaa juani?" Akafuta kisu kwa jani la mgomba. "Basi sitaondoka kabla sijaondolewa. Aliyelitaka eneo hili aje aniambie mwenyewe."

Barua niliiandika. Haikujibiwa.

Katapila lilikuja asubuhi yenye ukungu. Nilikuwa nimesimama kando ya dada yangu, pamoja na wenzake ambao hawakuwa wamepanga ndizi siku hiyo. Dereva alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu. Alisogea hadi karibu na safu ya masale, akasimama, akachungulia.

"Shikamooni mama zangu," alisema kwa sauti ya juu kuliko mngurumo. "Haya yamepandwa, au yameota tu?"

"Marahaba, Mangi," alijibu mmoja wa akina mama, akimtania kwa cheo cha chifu. "Yamepanda treni Tanga yakashukia hapa."

Walicheka. Dereva hakucheka.

"Mama, nauliza kweli."

"Yamepandwa," dada yangu alimjibu. "Hilo la kwanza ni langu. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Kilema, mama, kule mlimani."

"Basi mbona unaniuliza?"

Dereva akazima mtambo, akateremka, akavua kofia. Msimamizi wa kazi, aliyefuata nyuma ya katapila, alimfokea, akamwita mshamba. "Nifukuze, bosi," alisema dereva, "lakini mama yangu yuko hai. Nitamwambia nini?" Akaketi kwenye ngazi za jukwaa, akaomba ndizi mbivu, akala. Huo ndio muujiza wote uliotokea siku ile.

Siku chache baadaye msimamizi aliwaleta vibarua kutoka mbali, watu ambao kwao yale yalikuwa majani tu. Siwalaumu. Waling'oa masale yote kwa majembe, wakaanza kulivunja jukwaa, wakayatupa juu ya kifusi chake. Dada yangu aliyakusanya yenye mizizi, akayafunga ndani ya gunia bichi, akaketi kando yake. Mchana mwenye mradi alifika na gari lake, mtu wa makamo mwenye suti ya kijivu. Alitembea hadi kwenye kifusi, akaona yaliyobaki. Kisha akarudi garini, akaondoka. Sidai kujua aliwaza nini. Wanaosema aliota ndoto mbaya usiku huo, sijui walilala chumba gani.

Kesho yake alirudi kwa miguu akiwa na mzee mmoja wa ukoo wake. Mwenye mradi mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, tena wa Kilutheri imara, lakini mkononi alishika jani la isale lenye fundo. Alilinyoosha kwa mikono miwili mbele ya dada yangu.

"Mama, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Wenzake walimtazama dada yangu. Mmoja alimnong'oneza aulize kwanza kuhusu nafasi. Haiwezekani: jani likishafika, masharti hayapo. Nilijua hivyo, na nilihisi kwamba eneo limekwenda.

Dada yangu alilipokea. "Nimekusamehe, baba."

Mwenye mradi akashusha pumzi, akageuka kuondoka.

"Lakini, baba," dada yangu alimwita kwa upole, "hili ulilonipa ni jani, halioti. Haya yaliyomo ndani ya gunia yana mizizi. Nionyeshe mahali pa kuyapanda."

 Yule mzee wa ukoo alikohoa, akaanza kuchunguza viatu vyake. Mwenye mradi alitazama jukwaa lililovunjwa, akatazama maghala, kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta wa ghala la mwisho, chini ya upenu.

"Pale," alisema.

Pale ni padogo, na mvua ya upande wa mlima hupafikia. Wawili kati ya wenzake hawakupata nafasi, wakahamia soko la Kwa Sadala. Maduka yalifunguliwa, mabati yakapakwa rangi nyekundu, na mji ukaanza tena kupita uwanjani. Kitinda mimba alimaliza shule. Masale yamefika kimo cha dirisha.

Juzi nilimkuta muuza simu wa duka la jirani akimsimulia mteja habari za dereva aliyepooza. Nilianza kumsahihisha, nikaeleza habari ya Kilema, kofia na ndizi mbivu. Dada yangu alinivuta koti.

"Mwalimu, hebu kaa."

"Anasema uongo."

"Najua. Lakini tangu waanze kusema hivyo, hakuna aliyeegesha gari mbele ya ndizi zangu. Usinifukuzie walinzi."

Nilikaa. Nimeandika haya nyumbani kwangu, ambako hayamharibii mtu biashara.