Karani wa Penseli

"Hivi huyo karani wenu huwa anaandika nini, na kanisani kwenu neno halitoki nje?" jirani yangu aliniuliza siku moja, akicheka. Nilicheka naye. Karani wa wazee wetu wa kanisa ni mtu wa sauti ndogo, hukohoa kwanza ndipo aseme. Desturi yetu, kikao huandikwa kwa penseli. Wazee wakishasomewa husema kipi kifutwe, kinachobaki ndicho hupitishiwa wino. Kidole chake cha kati kimeota sugu, na akifuta hupuliza vumbi la raba taratibu, kama anayempuliza mtoto jichoni.

Jumapili nilikuwa nafagia chumba cha kikao wakati mama mmoja akieleza, kwa kulia, mambo ambayo mwalimu wa watoto hapo kanisani amemfanyia binti yake wa miaka minane. Alipotoka, mzee kiongozi akasema, "Hilo tumeliweka kwenye maombi, limekwisha. Futa, ndugu." Karani akaishika raba, akaitazama, akairudisha mezani. Akachukua kalamu ya wino akapitisha neno kwa neno. "Ndugu, masikio umeyaacha nyumbani?" mzee akamuuliza. Karani hakuinua kichwa mpaka alipoweka nukta.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni kwangu, daftari kwapani, viatu amevipiga rangi. Akakohoa.

"Dada, nisindikize polisi. Nikienda peke yangu nitaishia njiani."