Mama Mzima Tu

Mama yangu hajawahi kuumwa mbele ya watu. Ukimwuliza hali atakwambia mzima tu, hata kama amebebwa. Wazee wa kwetu Kizwite ndivyo walivyolelewa, mgeni hatupiwi maradhi usoni. Tabia hiyo ilikuwa ikinichekesha, mpaka alipolazwa.

Dawa za saratani zilikuwa zimemshusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, nimonia ikapata mwanya. Daktari, kijana mdogo kwangu, hakuzungusha maneno. Ipo sindano ya kuziamsha chembe hizo, alisema, maana antibiotiki peke yake zinaelemewa. Ila zikirudi kwa wingi zinaweza kukimbilia kwenye mapafu yanayoumwa na kuyavimbisha zaidi.

"Mifupa kuuma ni kawaida," alisema. "Pumzi ikizidi kubana, niambieni hapo hapo."

Siku ya nne ya sindano hiyo majibu ya damu yakaja mazuri, chembe zimepanda. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikanigeukia. Kisha tukaanza rozari. Mama, ambaye kwa kasi ya kusali jumuiya nzima humkimbiza bila kumfikia, alitua kuvuta pumzi mara mbili kabla ya "umejaa neema". Nikakumbuka onyo la daktari.

Daktari akaingia, sindano ipo kwenye trei.

"Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba baba. Mzima tu."

Akaanza kuandika. Mimi jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Sumbawanga. Sijawahi kumkanusha mama mbele ya watu, na nina wajukuu.

"Anadanganya, daktari," nikasema. "Msalishe Salamu Maria usikie."

Mama alinitazama kama niliyemvua nguo. Akasali, akakwama kwenye "Bwana". Daktari akamvalisha kile kifaa cha kidoleni cha kupima hewa mwilini, akakisoma, akairudisha sindano na kuita oksijeni kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Alipona taratibu. Siku mbili hakunisemesha, na nilikuwa radhi aninunie mwaka mzima.

Sasa yuko nyumbani, nami nampigia kila asubuhi kutoka kwangu Chala. Namwuliza hali, ananijibu mzima tu. "Haya, tusali," namwambia, na anajua kabisa ninachosikiliza. Juzi alifika mpaka amina bila kutua.

"Umeridhika?" akaniuliza. Machozi yalikuwa yamenijaa, nikawa nayafuta kwanza. "We, mbona kimya? U mzima?"

"Mzima tu, mama," nikamjibu.