Saa Nne na Saa Nane

Fimbo yangu ya kwanza ya kuvulia niliinunua Tunduma, kwenye banda la mitumba, ikiwa imefungwa pamoja na miavuli miwili iliyovunjika. Muuzaji, kijana aliyezoea wateja wa kutoka Zambia, aliniita mama kwa lugha yao.

"Ba mayo, hiyo ni antena ya redio. Chukua, utanasa mpaka Lusaka."

"Antena gani ina vipete vya kupitisha uzi?"

"Basi ni antena ya kushonea."

Nilicheka, nikailipia, nikapanda nayo hadi nyumbani, milimani Ileje. Mwaka huo nilikuwa nimestaafu ualimu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitazama kwenye simu watu wakivua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovikwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Hakuna nyungunyungu wala donge la ugali. Utotoni mwangu kaka zangu walikwenda mtoni na ndoano, sisi wasichana tukaenda na ndoo. Niliona umri wa kwenda na ndoo umenitosha.

Kama nawe unaanza, nikueleze niliyojifunza kwa kukosea. Karibu na mshikio wa fimbo kuna namba. Yangu ilikuwa tano. Mshipi nao una namba, na hizo mbili lazima zipatane. Mimi nilianza na mshipi mwembamba wa dukani, ukaniangukia miguuni kila niliporusha. Nilidhani mkono wangu ni mzee. Kumbe katika uvuvi wa kawaida kipande cha risasi ndicho kinachovuta mshipi kwenda mbali, lakini nzi wa bandia ni mwepesi kama pumba, hawezi kuvuta kitu. Kwa hiyo uzito unawekwa kwenye mshipi wenyewe, nao unakuwa mnene kama kamba ya kiatu. Mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Arusha alinitafutia ule wa namba tano. Mwishoni unafunga kipande cha uzi mwembamba usioonekana majini, na nzi anafungwa hapo. Usikate tamaa kabla hujakagua vifaa. Mara nyingi mkono hauna hatia.

Lililobaki lilikuwa manyoya. Yanayofaa zaidi ni ya shingo ya jogoo mwekundu, kwa sababu ni makavu, yanang'aa, na yanaelea. Kuku wangu wote walikuwa weupe. Nikaenda kwa jirani.

"Una jogoo mwekundu?"

"Yupo. Wa kitoweo?"

"Hapana, nataka manyoya tu. Ya shingo."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Manyoya ya shingo. Ya jogoo mwekundu. Mwalimu, nani amekutuma?"

Kwetu, swali hilo lina jibu moja tu, na jibu hilo huwa linakaa peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji likiuza dawa. Nilimweleza habari za samaki na wadudu, nikamwonyesha na picha kwenye simu. Manyoya alinipa, lakini hakuniwekea mkononi. Aliyaweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, nikayaokota.

Kisha nikaanza kujifunza kurusha. Mzungu niliyekuwa nikimtazama kwenye simu alisema kwa Kiingereza kwamba fimbo itembee kati ya saa kumi na saa mbili. Nami nilifundisha saa darasani maisha yangu yote ya kazi. Kumi yao ni saa nne yetu, mbili yao ni saa nane yetu, hata usingizini naweza kubadilisha. Nikabadilisha. Saa nne na saa nane. Nikafumba macho, nikaiona saa ya ukutani: nane iko chini upande huu, nne iko chini upande ule. Nikarusha hivyo. Mbele nikashusha fimbo mpaka ikapiga maji, nyuma nikaishusha mpaka ikapiga majani. Chapu mbele, chapu nyuma, wiki mbili nzima. Ndoano ilinasa magugu, ikanasa mti, siku moja ikanasa khanga yangu mwenyewe. Samaki walihama.

Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka huo, na watu walikuwa wakimtafuta aliyezifunga. Wanawake waliokuwa wakifua chini kidogo ya pale waliniona, na habari ikapanda mlima kabla yangu: Mwalimu anauchapa mto. Ilipofika kwa jirani yangu ikakutana na ile ya manyoya, zikashikana. Alhamisi niliitwa na baraza la wazee wa kanisa.

Walikuwa wanne, ofisini, na saa ya ukutani juu ya kabati. Mwenyekiti wao alianza kwa upole.

"Mama, hatukutuhumu."

"Ahsante, mzee wangu."

"Ila watu wamekwazika. Tunaomba Jumapili ulete ile fimbo na yale manyoya, uyachome mbele ya waumini. Usipochoma, utasimama nje ya kwaya."

Hapo ndipo aliponishika. Tangu nilipomzika mume wangu, kwaya ndiyo mahali pekee ambapo hakuna aliyeniuliza kama ninakula vizuri. Watu walitaka sauti ya pili tu, nami nilikuwa nayo.

"Kinachochomwa ni kosa," nikasema. "Kosa langu ni lipi?"

"Kuuchapa mto."

"Ninajifunza kuvua, mzee. Mwalimu wangu yumo kwenye simu."

"Anasema uchape mto?"

"Anasema saa nne na saa nane." Nikasimama, nikawaonyesha kwa mkono: nane kule chini, nne huku chini.

Mzee mmoja, fundi seremala, aliutazama mkono wangu, akaitazama saa ya ukutani, akarudi kwenye mkono. "Mwalimu, saa nne si huko. Mshale wa saa nne unaelekea juu, pale penye kumi."

Nikaigeukia ile saa. Niliwafundisha watoto wa kijiji kizima, pamoja na wawili kati ya wazee wale, kwamba ikiwa saa nne mshale mfupi unakaa kwenye kumi. Mimi nilikuwa nimebadilisha saa, kisha nikafuata namba zilizoandikwa badala ya mshale.

"Na ulinichapa kwa kosa hilohilo!" mzee wa pili akadakia. "Darasa la tatu!"

Tulicheka watu wanne. Mwenyekiti hakucheka.

"Iwe saa, isiwe saa, watu wameshaona. Choma, mama, yaishe."

"Mto sitauchapa tena, kwa sababu hapo nilikosea," nikamjibu. "Kuvua sitaacha, na sitachoma kitu."

Kesho yake nilikwenda mtoni mchana, palepale wanapofulia, ili asiwepo wa kusimuliwa. Nikainua fimbo nyuma mpaka saa nane, ile ya juu ya bega, nikaisimamisha. Hapa wengi tunaharibu kwa haraka: ukishafika nyuma, subiri. Mshipi unahitaji nafasi ya kujinyoosha nyuma yako ndipo uwe na nguvu ya kwenda mbele. Taja jina lako polepole, kisha sukuma mbele na usimame saa nne. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umewahi. Mara ya tano mshipi ulikunjuka juu ya maji bila kelele, na yule nzi akatua wa mwisho. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na samaki mmoja, urefu wa kiganja.

"Kameza nyoya!" jirani yangu akapiga kelele, mikono imejaa povu. Akakaribia, akamtazama. "Na haka ndiko kanakokutoa kwenye kwaya?"

"Haka haka."

"Ungevumilia hata kanenepe."

Jumapili nilivaa sare ya kwaya, nikaenda mapema. Mwenyekiti alikuwa mlangoni.

"Mama, umekuja na vile vitu?"

"Sikuja navyo."

"Basi leo utakaa na waumini."

Nilimtazama usoni, nikamsalimu kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Bwana asifiwe, mzee wangu!"

Mzee wa kanisa hawezi kuiacha salamu hiyo hewani, mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu. "Amina," akasema, na katika kuinamisha kichwa akaacha upenyo. Nikapita.

Kwenye safu ya sauti ya pili hakukuwa na nafasi. Nilisimama mbele yao nikasubiri. Wakatazamana, kisha mmoja akasogea, na wa pili yake akasogea. Mwalimu wa kwaya alimtazama mwenyekiti mlangoni, akanitazama mimi, akaikodolea macho karatasi yake kwa muda mrefu kuliko wimbo wenyewe ulivyohitaji. Kisha akaanza kutugawia sauti. Akatoa ya kwanza. Alipofika kwetu aliinua mkono bila kumtazama mtu yeyote, nami nikaipokea ya pili kwa nguvu kupita wote.