Mlio wa Kwanza Haupokelewi

Fundi Saa hakuipenda simu tangu siku ya kwanza alipoiona, na chuki yake ilikuwa ya haki kabisa. Simu ndizo zilizomla. Watu walianza kutazama saa kwenye simu, zile saa za mkononi wakazitupia kabatini, na meza yake iliyokuwa haikauki watu ikabaki na wateja wa aina mbili: wazee wanaokuja kubadilisha betri, na wazee wanaokuja kukaa tu. Nayajua haya kwa sababu meza tunagawana. Upande wake saa, upande wangu zipu. Nabadilisha zipu za mikoba, suruali na mabegi chini ya ngazi za jengo la maduka, na kila anayepanda juu anatumwagia vumbi la viatu vyake kichwani bila hata kusema samahani.

Ni mtu taratibu mpaka anakera. Akifungua saa huzipanga skrubu juu ya kitambaa cheupe, moja moja, kama zilivyotoka, na ole wako upige chafya. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Akamlea mwenyewe, akamwogesha mwenyewe, hata nywele akamsuka mwenyewe. Vibaya, lakini alimsuka. Nilikuwa nikimwambia, "Fundi, hicho kichwa umekijaza springi," naye hucheka mpaka lenzi yake ya kutazamia saa inamdondoka jichoni.

Binti alipokwenda shule ya bweni, wawili hao wakatunga sheria ya kubipu. Nani hajui kubipu? Sisi wengine tunabipu kihuni, tukitaka mwenzetu mwenye salio ajipige kifua. Wao walifanya sheria. Mlio mmoja maana yake mzima, usipokee. Miwili, pokea, nina jambo. Mlio wa kwanza haupokelewi hata iweje, kwa sababu ukiupokea umemlia mtoto salio lake. Kasimu ka vibonyezo kalikaa pale mezani, kakilia mara moja na kunyamaza, Fundi Saa huinua kichwa, husema "Mzima," na kurudi kwenye skrubu zake. Nilikuwa nawaonea wivu, sifichi. Wanangu mimi hawapigi wala hawabipu.

Shule iliisha, kazi hazikupatikana, na binti akaenda nchi ya mbali kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba. Huko laini yake ya kawaida ikafa, na kupiga nje kwa laini ya kule ni mshahara mzima. Akatuma salamu kwa mtu: mwambieni baba atafute simu janja, tutaongea kwa programu, ni bure.

Bure! Nilicheka kwa hasira siku ile. Bure hiyo inaanza ukishanunua simu, na simu yenyewe ni kodi ya chumba ya miezi chungu nzima, hapo bado bando. Fundi Saa alizunguka maduka yote ya jengo letu. Zile za kwenye vioo aliziulizia bei kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuulizia mgonjwa. Mwishowe akauza saa ya ukutani aliyoachiwa na baba yake, akashuka ghorofa ya chini ya ardhi kwa muuza simu zilizotumika, akachukua moja yenye ufa kwenye kona.

Programu ile ya kila mtu ikaikataa hiyo simu. "Imezeeka mzee, haikubali tena," muuza simu akasema, bila kueleza ni simu au ni nani. "Nitakuwekea nyingine ya pembeni, kazi ni ileile. Binti naye aiweke hiyohiyo. Ila ni ya kupiga tu, meseji haina." Rahisi ghali, nilimnong'oneza. Fundi Saa akanitazama tu, maana pesa ya kununua ya ghali haikuwa mfukoni mwa yeyote kati yetu.

Lakini yule mtu wa salamu akampasha binti kabla hajaondoka mjini, na siku hiyohiyo, palepale dukani, binti alitokea kwenye kioo cha simu. Alikuwa amekonda. Fundi Saa aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Marahaba. Unakula?"

"Nakula. Baba, sikiliza, sina muda. Mkataba unaisha. Nisaini tena au nirudi? Mshahara wamenikata kata, sina kitu mkononi. Nikija hivihivi mikono mitupu, utanipokea?"

Kabla Fundi Saa hajafungua mdomo, binti akageuka nyuma kwa hofu, akashusha sauti. "Mama mwenye nyumba huyo anakuja. Usinipigie wewe, baba, ikilia jikoni atanipokonya. Nitapiga mimi, unijibu." Kioo kikawa cheusi.

Tulipanda ngazi kurudi. Tulipofika mezani aliniambia, "Jirani, mtoto anauliza kama nitampokea. Mimi! Nani alimwambia kwamba nataka vitu?" Akafuta macho kwa kile kitambaa cheupe, na skrubu za saa ya mtu zikamwagika zote.

Tangu hapo hakuwa na neno jingine. Jibu lilikuwa mdomoni: njoo. Alitandika kitanda cha binti, akapaka chokaa ukuta wa upande ule, akanituma nimtafutie pazia. Na jioni, tulipokuwa tukifunga, simu ikalia. Mlio mmoja, kimya.

"Mzima," akasema. Uso ukamng'aa.

Kesho yake jioni, mlio mmoja. Na ya pili yake.

"Si upokee?" nikamwambia. "Hiyo haili salio, ni bure si ulisikia?"

"Jirani, fikiri. Yule mama yuko karibu, ndiyo maana anabipu. Nikipokea, sauti yangu itatokea jikoni kwa watu, mtoto apate taabu. Akiwa peke yake itaita mara mbili. Anaijua sheria."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Fundi."

"Subira huvuta heri."

Neno lake nililikubali. Lilikuwa na akili, na lilitoka kwa mtu aliyemjua mwanawe kuliko ninavyowajua wangu. Kwa hiyo kila jioni mimi nafunga cherehani, yeye anasubiri mlio, unalia, unakatika, anasema "Mzima," anaifunga simu kwenye leso, tunaagana. Alianza hata kuniringia. Mtoto wangu, alisema, hasahau.

Kisha jioni moja haikulia. Wala iliyofuata.

Aliyekuja ni msichana mwingine, mwenzake binti, walikuwa wakifanya kazi nyumba za jirani. Amerudi nyumbani, akauliza uliza hadi akatufikia chini ya ngazi na begi lake mkononi. Hakukaa. Alikuwa na hasira, hata shikamoo aliitoa kwa shida.

"Amenituma nikwambie ameelewa, baba."

"Ameelewa nini, mwanangu?"

"Kila siku anajificha stoo anakupigia. Inaita kidogo, unamkatia. Inaita kidogo, unamkatia. Alilia mpaka nikamwambia aache. Akasema, baba hataki nirudi mikono mitupu, basi hataki. Amesaini tena. Nyumba nyingine, mji mwingine, na hao hawaruhusu simu kabisa."

Fundi Saa alimtazama kama haelewi lugha. "Sikumkatia. Alikuwa anabipu."

"Bipu gani, baba? Kupiga ni bure. Nani anabipu siku hizi?"

Msichana akatoa simu yake mwenyewe, nzima, mpya, nayo ina programu ileile ya pembeni, akapiga ile ya Fundi Saa. Mlio mmoja, kimya. Kwake ikaandika: imekataliwa. Akapiga tena, kimya. Tukaishusha kwa muuza simu, naye akaigeuza geuza, akasema kumbukumbu imejaa, simu ni kongwe, ile programu inazidiwa pumzi inajikata yenyewe. "Ila ukiwahi pale inapoanza kulia inashika vizuri tu," akasema, na akaonyesha. Msichana akapiga, yeye akapokea mlio wa kwanza haujaisha, na sauti ikatoka safi, kama mtu yuko chumbani.

Fundi Saa hakugomba. Ningependa angegomba, angevunja hata kioo kimoja mle dukani, ningemsaidia. Aliomba tu namba ya binti ijaribiwe. Haikuonekana tena kwenye programu yoyote, si ile ya pembeni wala ile ya kila mtu. Msichana hasira zikamwisha, akaanza kumbembeleza, baba pole, baba mkataba si milele. Kwani ni muda gani? nikamuuliza. Alipoutaja, Fundi Saa alikaa kwenye ngazi, watu wakawa wanampita wakipanda.

Sasa simu anailaza kiganjani kutwa, anafanya kazi kwa mkono mmoja, na saa za watu hazitengenezeki kwa mkono mmoja. Nimemwambia, hasikii. Ikilia tu, kabla hata mimi sijausikia mlio, ameshaipokea, na hangoji kujua ni nani.

"Njoo, mama," anasema. "Njoo hivyohivyo."

Juzi aliyepiga alikuwa mteja, anauliza kama betri yake imepatikana.