Mabano Yaliyoficha Kilo Zako

Siku ile uvumilivu wangu uliisha, mwanangu Masika, ulikuwa mugongoni kwangu, mwepesi kama kitunga kitupu. Tulikuwa kwenye kituo cha afya, hapa Mususa. Munganga aliangalia tu ordinateur, ile kompyuta yake, akacheka: «Mama Masika, mutoto anaongezeka. Programu inasema hivyo.»

Nikafungua kitenge, nikakulaza juu ya karatasi zake.

«Hizi mbavu, zenyewe zinasema nini?»

Bamama bakageuka kwenye benchi. Mumoja akanong'ona: «Ee, huyu leo atakula mutu.»

Munganga akaita fundi aliyetengeneza ile programu. Akafungua faili yako ya XML: vipimo vyako vyote, kimoja chini ya kingine, kuanzia kile cha kuzaliwa. Akashika kichwa.

«Mama, kosa ni langu. Uko na bakaka?»

«Toka mukubwa: Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule.»

«Simama kwa Kakule, hesabu kurudi nyuma. Wa kwanza ni nani?»

«Kasereka.»

«Ndivyo programu inahesabu vipimo ikitazama nyuma: namba moja ni ule wa karibu. Mais mimi nilifunga bakubwa bote ba Kakule ndani ya mabano ya mviringo, ndipo nikaandika [1], yaani wa kwanza. Ukibafunga hivyo, banajipanga tena kama kwenye faili, toka juu. Namba moja inakuwa Mumbere.»

Donc kila mwezi balikulinganisha na siku ulizaliwa! Nani atakosa kupita kilo za kuzaliwa?

«Mutoto anakwisha, na wewe unaniambia mabano!» Nikalia kwa hasira. Akafuta yale mabano mbele yangu, na neno likatokea jekundu: *Anapungua*. Munganga akakubeba yeye mwenyewe, mbio, kwenda kukutunza.

Leo unamaliza sahani yako ya sombe na yangu, halafu unanivuta nywele. Basi shika hili, mwanangu. Mutu akikuambia «wa kwanza», umuulize kwanza amesimama wapi akihesabu, na anaanzia upande gani. Na mutoto akikonda mbele yako, amini macho yako. Mungu akukuze, kila mwezi upite ule uliotangulia.

Mais siku ile, mbele ya kurudi nyumbani, nilipita kwenye bureau ya mukubwa wa kituo. Nikaomba bic, nikaandika:

«Ninashitaki programu yenu. Imelinganisha uzito wa batoto na kipimo cha kuzaliwa, badala ya kile cha mwezi uliopita. Wangu nilimuona mimi mwenyewe akikonda. Ninaomba batoto bote baliambiwa banaongezeka baitwe, bapimwe tena. Ninangojea jibu hapa mulangoni.»