Ubatizo Nilioufanya Matangani

Bado naona aibu kumtazama nyanya machoni.

Kwetu Mtopanga, mjukuu ana ruhusa ya kufanya mzaha matangani. Babu alipofariki juzi, niliivamia kazi hiyo kwa moyo wote. Hata siku za kawaida, mimi ndiye huuliza mezani kwa nini ashukuriwe Mungu ilhali aliyepika ni nyanya.

Babu alikuwa amebatizwa kitandani, mimi na nyanya tukishuhudia. Nyanya alitaka kanisa limzike, lakini wazee wa kanisa walikuwa na shaka kama alibatizwa kwa dhati, maana babu alitania kila kitu maisha yake yote. Walisema watakuja kuzungumza nasi. Nilijua hilo, nikalisahau watu walipoanza kucheka.

Nilijifunga shuka jeupe, nikachota maji kwa kata, nikamwamuru mjomba Kazungu apige magoti.

"Waikana tembo ya mnazi?"

"Naikana mpaka jioni, mchungaji."

Nikammwagia maji kichwani. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko. Nikakemea mapepo, nikajiangusha, nikagaagaa mchangani. Nilipoinuka, kicheko kilikuwa kimekatika. Mjomba alijifuta uso huku akitazama nyuma yangu.

Nyanya alikuwa amesimama na wazee wawili wa kanisa, Biblia kwapani.

"Wazee wangu," alisema taratibu, "huyu ndiye mjukuu niliyewaambia. Alikuwepo wakati babu yake akibatizwa. Muulizeni kama ilikuwa kweli au mzaha."