Gari Lililompigia Bibi Magoti

Mwanangu, bado hujazaliwa, na mimi nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu. Najua inachekesha mtu kama mimi kumwita mtu mwanangu na kumpa nasaha kama mzee. Lakini waliokwisha kuzaliwa wote nawaonea aibu. Wewe peke yako ndiye naweza kukuambia bila sauti kukwama kooni, basi nakuandikia humu kwenye daftari.

Ipo siku moja ambayo nikifumba macho inarudi yote, mpaka harufu ya mpira mpya. Nilikuwa Kariakoo na Baba, kwenye duka la spea karibu na Mtaa wa Msimbazi, tunachagua kitu cha kunyanyulia pikapu.

Ngoja nikuanzie nyuma kidogo. Bibi, mama yake Baba, alivunjika nyonga akaletwa Dar kufanyiwa upasuaji. Akakaa kwetu miezi mitano, chumbani kwangu, nyuma ya duka letu la vyombo. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Aika, Desemba bado?" Sisi Wachaga Desemba haitukuti mjini, na Bibi alitaka Krismasi aamkie kwake, mlimani, asikie ng'ombe wake. Daktari alikubali asafiri, ila akasema asirushwerushwe hata kidogo, mfupa bado unashikana.

Ndiyo maana Baba alinunua ile pikapu. Haikuwa na springi za chuma. Ilikaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojaa upepo, Kariakoo wanaiita mabaluni, na ukipita nayo kwenye shimo unahisi kama mtu amekupokea mkononi. Tatizo lilikuwa njia ya nyumbani. Ukiacha lami kuna mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe, na gari lilikuwa chini mno, tumbo lingegonga. Kwa hiyo lilitakiwa linyanyuke, lakini lisiwe gumu, kwa ajili ya nyonga ya Bibi. Hilo tu ndilo lilikuwa swali letu.

Na nisikudanganye, Baba alitaka pia lionekane. Kule kwetu Desemba watu wanasimama mageti yao wazi kuangalia nani kapandisha na nini.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, miwani ya jua kaipandisha kichwani. Akamwita Baba kama Wachaga wote wanavyoitwa mjini: "Mangi, njia zipo. Ukitaka kusahau mambo ya upepo, tunatoa mabaluni yote tunaweka springi za chuma. Lakini itakuwa ngumu kama lori la kokoto."

"Hapana, kuna mgonjwa," Baba akasema.

"Basi chukua vijiti hivi. Vinne, tunafunga sasa hivi, gari inasimama kama tembo."

Vilikuwa vijiti vya chuma vifupi kama kalamu ya risasi iliyokwisha kuchongwa sana. Kwenye boksi mlikuwa na karatasi ya Kiingereza. Baba akanipa. "Wewe si ndiye msomi, hebu ona wanasemaje."

Nikasoma. Mwanangu, niliielewa karatasi ile vizuri kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote darasani. Ilisema kila gurudumu lina kidude kiitwacho sensa, kinachoipimia kompyuta ya gari kimo chake kutoka chini, na kijiti kifupi kinaidanganya sensa, gari linadhani limedidimia, linajaza upepo zaidi. Halafu chini, kwa maandishi madogo, ikasema mifuko ikikaa imejaa hivyo muda wote gari linakuwa gumu, na gurudumu likishuka kwenye tuta shokapu inafika mwisho wake na kugonga.

Nilipoinua macho, muuzaji alikuwa ananitazama, Baba ananitazama, na wabeba mizigo wawili waliokuwa wanataka kupita na mikokoteni nao wakasimama kunitazama. Mashavu yakawaka moto.

"Iko sawa tu, Baba," nikasema.

Usiku ule niliandika kwenye daftari hili kila kitu kilichokuwa kwenye karatasi, neno kwa neno, na yale maandishi madogo nikayapigia mstari. Daftari lilijua. Baba hakujua.

Lakini nikiri, gari lilipofungwa vile vijiti palepale dukani na kuwashwa, hata mimi nilisahau. Kompresa, ile pampu ya upepo, ikanguruma taratibu mahali fulani ndani, na pikapu ikaanza kupanda yenyewe, hakuna jeki, hakuna mtu aliyeigusa, mbele kwanza halafu nyuma, kama mtu mzima anayevuta pumzi asubuhi. Wabeba mizigo walinyamaza. Kariakoo, mwanangu, watu wakinyamaza ujue wameona kitu.

Jumapili baada ya kanisa Bibi akasema kabla ya kuondoka Dar anataka akaone kivuko cha Magogoni, maana miezi yote mitano ameona ukuta wa chumba changu tu. Baba akafurahi, tukajaribu gari. Mimi nilikaa nyuma na Bibi, mkono wake ndani ya wangu. Tulipanda tuta moja dogo tu, Baba akienda polepole kabisa. Gurudumu liliposhuka ng'ambo ya pili, chini kukagonga ko! kama nyundo.

Bibi hakupiga kelele. Aliubana mkono wangu mpaka vidole vikaniuma, na midomo yake ikawa myeupe. Baba akasimamisha gari pembeni, akashuka kuangalia chini.

Tulipobaki wawili, Bibi akanitazama. "Wewe hukushtuka."

Nikatazama dirishani.

"Mimi nimeshtuka, baba yako kashtuka. Wewe ulikuwa unalisubiri. Ulijua?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia habari ya karatasi, na kwamba nilikuwa nimeiandika.

Akavuta pumzi fupi fupi. Halafu akasema, bila ukali hata kidogo, "Mjukuu wangu, daftari lako halina nyonga."

Hakusema lingine, na kwa Baba hakunisemea. Kivuko hatukukiona siku ile. Tulirudi, na daktari akamwangalia kesho yake. Namshukuru Mungu mfupa ulikuwa mahali pake. Ila Baba alianza kusema labda Bibi abaki mjini Krismasi hii. Bibi hakubisha. Aliacha tu kuniuliza kama Desemba bado.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kimya kile cha asubuhi. Siku ya tatu nilimfuata Baba dukani, nikasimama katikati ya masufuria, nikamwambia yote. Niliongea nikitazama sufuria namba kumi. Hakunigombeza. Alichukua funguo, akasema, "Lete hiyo karatasi."

Tukaenda mtaa wa Gerezani, kwenye magereji, kwa fundi anayeitwa Mzee Kibwana, mtu wa pwani, kibaraghashia chake hakina hata doa la oili, sijui anafanyaje. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa tayari chini ya gari.

"Mangi," akasema kutoka huko chini, "gari hili limekaa limebana pumzi. Hebu wewe bana pumzi utoke hapa mpaka Moshi tuone."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Akavitoa vijiti. Akatuonyesha vipande vizito vya duara, spesa, vinavyokaa juu ya mfuko, kati yake na bodi. Hivyo bodi inapanda, mfuko wenyewe unabaki na pumzi yake ya kawaida na ulaini wake. Akafunga vyote vinne, akawasha. Gari likasimama juu, zuri, halafu likatoa sauti ya kushusha pumzi, likaanza kuteremka lenyewe mbele ya macho yetu mpaka likarudi chini lilikokuwa.

Baba akashika kiuno. "Sasa hii nini tena?"

Mzee Kibwana hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Binti, umeshika karatasi. Mbona linashuka?"

Nikaitazama tena karatasi. Nikasema, "Sensa haijui kuna spesa. Inadhani limepanda sana, inatoa upepo. Inatakiwa isogezwe kwa kipimo hichohicho."

"Haya," akasema, akachukua spana. Nilijua kwamba alilijua jibu. Alikuwa amefunga nusu makusudi.

Baada ya kuzisogeza sensa, gari likapanda na kubaki. Spesa hizi zilikuwa za inchi mbili. Baba akazunguka mara moja, nikaona macho yake yameshafika mlimani, mageti yako wazi. "Fundi, za inchi tatu unazo?"

"Ninazo. Mwenye gari ndiye anachagua," Mzee Kibwana akasema, akafuta mikono.

Nikatoa rula yangu ya shule. Kwa siku tatu, nikijua gari limepanda na Bibi lazima alipande, nilikuwa nimepima nyumbani Bibi anaweza kuinua mguu mpaka wapi. Mwisho wake ni kigoda cha jikoni, rula moja na vidole vitatu. Nikamwomba Baba abonyeze kile kitufe cha ndani kinacholishusha gari kwa muda, mtu apande. Likashuka taratibu, upepo ukitoka, nikaweka rula pale pa kukanyagia mlangoni. Rula moja na vidole vitatu.

"Za tatu hatapanda, Baba," nikasema. "Tutambeba, na yeye hataki kubebwa."

Baba alitazama rula muda mrefu. Halafu akamwambia fundi, "Acha hizo hizo."

Tuliondoka alfajiri moja, wiki iliyofuata. Baba alibonyeza kitufe, gari likapiga magoti barabarani mbele ya duka, chini kabisa, mpaka miguuni pa Bibi. Bibi akasimama na fimbo yake akilitazama.

"Marahaba," akalijibu, akapanda mwenyewe.

Kule juu, jua likielekea kuzama, tuliingia kwenye mawe. Niliyaona yanapita chini yetu, makubwa, na gari linayavuka kama vile halina uzito. Watu walikuwa wamesimama kwenye mageti wazi kama kawaida. Mkono wa Baba ukaenda kwenye honi.

"Baba, usipige," nikasema, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima. "Amelala."

Akaurudisha mkono. Tukapita kimyakimya mpaka uani.

Mwanangu, ukijua kitu ambacho kitamuumiza mwenzako, kiseme siku hiyo hiyo, hata kama mashavu yanawaka na sauti inatetemeka. Kuandika ni kuzuri, na mimi nitaandika maisha yangu yote, lakini andika baada ya kusema. Na ukichagua kitu cha kumbeba mtu, kabla hujatazama kitakavyoonekana getini, kampime yeye kwanza, anaweza kuinua mguu mpaka wapi.

Mungu akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi. Akupe watu wa kukungoja ukiwa unaitafuta, kama nilivyongojwa. Na popote utakapobebwa, upite juu ya mawe ukiwa umelala.